Madini na uvimbe sugu wa utumbo: upimwe kwanza, umeze baadaye

Kila inapokaribia tarehe 19 Mei, siku inayoadhimishwa duniani kuhusu uvimbe sugu wa utumbo, maswali yanayoletwa kwenye kitengo chetu cha lishe tiba huongezeka. Mengi yana sura moja: nimeze madini gani ili utumbo wangu upone? Wanaouliza ni watu wazima wenye ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, aina mbili kuu za uvimbe huo, na wengi wameshaanza kumeza kitu kabla ya kuuliza. Safari hii tumepokea pia watu walioacha dawa walizoandikiwa na daktari wakategemea vidonge vya madini peke yake. Hao ndio waliotufanya tuandike.

Hakuna madini yanayotibu ugonjwa huu. Kwa sehemu kubwa madini hupungua kwa sababu utumbo unaumwa, na kuyarudisha ni sehemu ya matunzo, si mbadala wa dawa za kutuliza uvimbe. Tumelisema hili mara nyingi na tutaendelea kulisema.

Mgonjwa hula kidogo kwa kuogopa maumivu, huharisha, hutokwa damu, na kama kipande cha utumbo mwembamba kimekatwa, sehemu ya kufyonza chakula hubaki ndogo. Katika kolaitisi ya vidonda, ambayo hukaa kwenye utumbo mpana, hasara kubwa ni damu inayotoka na choo. Crohn inaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ila hupendelea mwisho wa utumbo mwembamba, na hapo ufyonzaji wenyewe huvurugika.

Madini chuma ndiyo yanayosumbua wengi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mtu mzima ana upungufu wa damu ikiwa himoglobini yake, protini ya damu inayobeba oksijeni, iko chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanaume, na chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Himoglobini lakini haitaji sababu. Kinachoonyesha akiba ya chuma ni ferritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, na hapa ndipo watu hupotea wanapojisomea majibu ya maabara nyumbani. Mwili ukiwa na uvimbe, ferritini hupanda hata kama akiba imekwisha. Kwa hiyo hatuisomi peke yake: damu ya kupima ferritini na damu ya kupima CRP, kipimo cha uvimbe, huchukuliwa siku moja. Ugonjwa ukiwa umetulia, ferritini iliyo chini ya mikrogramu 30 kwa lita inatosha kusema chuma kimepungua. Ugonjwa ukiwa umechachamaa, hata ferritini ya 100 inaweza kuficha upungufu, na hapo tunaangalia pia ni kiasi gani cha transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu, kimebeba chuma. Neno "kawaida" kwenye karatasi ya majibu halimalizi habari. Aliyetulia hupimwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Ambaye ugonjwa wake uko hai hupimwa angalau kila miezi 3. Asiyerudi kwa tarehe yake hutuachia majibu ya zamani ambayo hayawezi kutumika kumwandikia dozi, na tunalazimika kuanza upya.

Lalamiko tunalolisikia sana ni la mtu aliyemeza vidonge vya kuongeza damu miezi na miezi bila damu kupanda, kisha akaamua mwenyewe kuzidisha dozi. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, na uvimbe huiongeza. Hepsidini hufunga mlango ambao chuma hupitia kutoka kwenye seli za utumbo kuingia kwenye damu. Mlango ukishafungwa, kumeza vidonge vitatu badala ya kimoja hakuufungui. Chuma kisichofyonzwa hushuka hadi utumbo mpana, na majaribio kwa panya yameonyesha kwamba huko kinaweza kuuchochea uvimbe. Ndiyo maana mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2015 unaruhusu vidonge kwa mtu mwenye upungufu mdogo wa damu, ugonjwa uliotulia na tumbo linalovivumilia, tena kwa kiasi kisichozidi miligramu 100 za chuma kwa siku. Wenye ugonjwa ulio hai, wenye himoglobini chini ya 10 au waliowahi kushindwa vidonge hupewa chuma kwa njia ya mshipa.

Hizo miligramu 100 ni za chuma chenyewe. Kidonge cha ferasi salfeti kilichoandikwa miligramu 200 kina chuma kama miligramu 65 tu, kwa hiyo anayehesabu kwa namba ya kwenye pakiti anakosea. Anayewekewa dripu ya chuma abaki chini ya uangalizi angalau dakika 30 baada ya dawa kwisha, kwa sababu mzio mkali, ingawa ni nadra, hutokea humo. Tusisumbuane kuomba kuondoka mapema. Baadhi ya aina za dripu hushusha fosfati, na mtu akianza kuumwa mifupa au kuishiwa nguvu za misuli wiki za baadaye, arudi apimwe. Vidonge vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi na hilo peke yake halina hatari. Choo cheusi, laini, kinachonata kama lami na chenye harufu kali kinaweza kuwa damu. Anayesubiri kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera atuulize mapema lini aache vidonge hivyo, kwa kawaida takriban wiki moja kabla, kwani mabaki yake huchafua picha.

Zinki ina habari tofauti. Utafiti uliofuatilia wanawake wauguzi zaidi ya 170,000 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba waliopata zinki nyingi zaidi waliugua Crohn kwa uchache zaidi. Kwa kolaitisi ya vidonda uhusiano huo haukuonekana. Madini haya husaidia seli za ukuta wa utumbo kushikamana, na wagonjwa wenye zinki ya chini wameonekana kulazwa na kupasuliwa zaidi. Tunauheshimu ushahidi huo. Lakini utafiti wa kufuatilia watu huonyesha vitu vinavyokwenda pamoja, hauthibitishi kwamba kimoja ndicho kimeleta kingine, na haukumpa mgonjwa yeyote zinki ili apone. Anayeutumia kama cheti cha kuacha dawa anautwisha mzigo usio wake.

Kipimo cha zinki nacho kina mtego, kinyume kabisa na ule wa ferritini: uvimbe hushusha zinki kwenye damu hata pale mwili haujaishiwa. Damu hiyo huchukuliwa kwenye chupa maalumu isiyo na mabaki ya madini, na chembe za damu zikipasuka wakati wa kuchota, jibu hupanda kwa uongo. Ndiyo sababu tunamwangalia pia mgonjwa mwenyewe: ladha imepotea? Vidonda vinachelewa kupona? Kuna vipele kuzunguka mdomo? Anaharisha kwa wiki ngapi sasa?

Chukua mfano wa mtu mwenye chupa tatu. Ya kwanza ni ya vitamini mchanganyiko, zinki miligramu 15. Ya pili ni zinki tupu, miligramu 50. Ya tatu imeandikwa ni ya "kinga ya mwili", nayo ina 10. Jumla ni 75 kwa siku, na kila chupa ikitazamwa peke yake mwenyewe anaona yuko salama. Mwanaume mzima anahitaji takriban 11 na mwanamke 8. Kikomo cha juu Marekani ni 40. Ulaya ni 25. Daktari anaweza kuvuka kikomo hicho kwa muda mfupi na kwa sababu maalumu, lakini zinki nyingi kwa miezi huzuia shaba isifyonzwe, na shaba ikipungua huleta upungufu wa damu usiosikia chuma pamoja na ganzi miguuni. Seleniamu, madini mengine, nayo ikizidi hunyonyoa nywele na kuvunja kucha.

Wanaouza bidhaa hizi kwa ahadi ya kuponya utumbo wanajua wanachokifanya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inakataza kirutubisho kutangazwa kuwa kinazuia, kinatibu au kinaponya ugonjwa. Marekani, bidhaa yenye dai la namna hiyo huhesabiwa kuwa dawa isiyosajiliwa, na inaweza kukamatwa.

Kuhusu kalsiamu, wengi huitupa kwa woga wa mawe ya figo. Mwenye Crohn ya mwisho wa utumbo mwembamba hushindwa kufyonza mafuta vizuri. Mafuta hayo huing'ang'ania kalsiamu, na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye vyakula vingi, iliyopaswa kufungwa na kalsiamu itoke na choo hubaki huru, ikaingia kwenye damu na kwenda kutengeneza mawe. Ukipunguza kalsiamu kwenye chakula, unaiongezea oksaleti uhuru. Anayetumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, anaihitaji kalsiamu zaidi, kwa kuwa dawa hiyo hudhoofisha mifupa na kupunguza ufyonzaji wa kalsiamu. Watu wazima wengi wanahitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku, chakula kikihesabiwa, pamoja na vitamini D ya kutosha. Kalsiamu isimezwe pamoja na chuma. Anayetumia antibiotiki ya siprofloksasini aimeze saa 2 kabla ya madini yoyote au saa 6 baada yake, la sivyo dawa hushikwa tumboni isifanye kazi.

Magnesiamu na potasiamu hupotea haraka kwa kuharisha. Vidonge vya magnesiamu vyenyewe huweza kuongeza kuharisha, na potasiamu haipandi ipasavyo magnesiamu ikiwa chini, kwa hiyo hayo mawili hupimwa pamoja na hurekebishwa na daktari. Mgonjwa anayeharisha sana kisha moyo ukaenda mbio au kurukaruka, misuli ikakakamaa au akakosa nguvu ghafla, aende hospitali siku hiyohiyo akapimwe damu na moyo, na achukue chupa zote za dawa na virutubisho anavyotumia.