Geuza jani kwanza: "underside" si "chini ya"

Mkulima wa mihogo kule Misungwi akisoma kwenye kipeperushi "kagua chini ya majani kama kuna nzi weupe", atafanya nini? Kuna atakayeinama na kuangalia ardhini, kwenye kivuli cha mmea. Hana kosa, ndivyo alivyoambiwa. Andiko la Kiingereza lilitaja "underside" ya majani, mfasiri akaandika neno la kwanza lililomjia.

"Underside" ni uso wa kitu, ule unaoelekea chini. Ni sehemu ya kitu chenyewe: unaugusa, unaupaka rangi, unaupulizia dawa. "Chini ya" mara nyingi hutaja nafasi, ambayo Kiingereza huiita "underneath". Kiswahili kina hata jina mahsusi la nafasi hiyo, uvungu au mvungu, na mtaka cha mvunguni sharti ainame kwa sababu kitu chenyewe kipo sakafuni. Mwanafunzi akibandika bigijii kwenye "underside" ya dawati, siku dawati likihamishwa bigijii inakwenda nalo. Akiitupa uvunguni, inabaki palepale kumsubiri mfagiaji.

Kwa muhogo tofauti hii ina gharama. Nzi weupe hukaa na kutaga mayai upande wa chini wa jani, wale waliokomaa wakipenda zaidi majani machanga ya kileleni, na ndio wanaosambaza magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia. Kwa hiyo andika: "Shika kikonyo, geuza jani taratibu, kagua upande wake wa chini." Neno "taratibu" lisiachwe, maana ukilitikisa jani wanaruka na utadhani shamba ni safi. Sentensi imerefuka, sawa, lakini mkulima anajua mkono wake uende wapi.

Neno "bottom" nalo huchanganywa na "underside", ingawa lina uwanja mpana zaidi. Sufuria ya ugali ina "bottom" ya ndani na ya nje: ukoko umeganda ndani, masizi yako nje. "Underside" ni pale penye masizi tu. Kwa vyombo vya namna hii tunalo neno zuri, kitako, na sioni sababu ya kuandika "sehemu ya chini ya nje ya sufuria".

Mtumbwi unahitaji uangalifu zaidi. Pale mwaloni, wanapofikia wavuvi, Kirumba au Igombe mkoani Mwanza, mtumbwi unaotengenezwa hufudikizwa mchangani ili fundi ashindilie pamba kwenye maungio ya mbao. Upande wake wa chini sasa unatazama jua. Kiingereza bado huuita "underside", kwa kuwa neno hufuata mkao wa kawaida wa kitu, si mkao wake wa leo. Ukimwandikia fundi "paka rangi upande wa chini" wakati chombo kimefudikizwa, unamtega. "Upande unaokaa majini" hauna utata. Na tafadhali, usiandike mkuku ukimaanisha upande wote huo. Mkuku ni ule mti mmoja wa katikati unaobeba mataruma, yaani mbavu za chombo, na mvuvi yeyote atakucheka.

Liko pia tumizi la kitamathali: "underside" ya mji au ya biashara fulani ni yale yanayofichwa, kwa kawaida machafu. Hapo achana kabisa na "chini" na "kitako". "Upande wa gizani" au "yanayofichwa" yanatosha.

Wanaoandika maelekezo ya vifaa vya umeme nao wana lao. Maelekezo husema namba ya kompyuta ya mkononi ipo kwenye "underside", tafsiri inasema "ipo chini ya kompyuta", mteja anainua mashine na kutazama meza. Mwambie azime kompyuta, aifunge, aigeuze: namba imebandikwa kitakoni.