Unafuu wa kodi kwenye pensheni ya mwajiri humnufaisha nani?

Wafanyakazi wengi huamini kwamba unafuu wa kodi katika mfuko wa pensheni wa mwajiri ni kule kukatwa mchango kabla ya kodi ya mapato. Katika kazi yangu ya kukokotoa mafao nimewaona hata wahasibu wakiishia hapo, ilhali katika nchi nyingi kodi hiyo huwa imeahirishwa tu, hutozwa mafao yanapolipwa.

Tuchukue 100 katika mshahara, kwa sarafu yoyote, kodi iwe asilimia 30, na fedha inayowekezwa iongezeke maradufu hadi siku ya kustaafu. Mchango ukiingia mfukoni bila kodi hufikia 200, na kodi ikitozwa wakati wa malipo, mstaafu hubaki na 140. Mwenzake akikatwa kodi kwanza, akawekeza 70 na faida yake isiguswe, naye huambulia 140 ile ile. Anayeumia ni anayeweka akiba nje ya mfuko: 70 yake huzaa 70, faida hiyo hukatwa 21, akaondoka na 119. Unafuu wenyewe, basi, umo katika kuisamehe kodi faida ya uwekezaji.

Hesabu hubadilika kiwango cha kodi kikishuka uzeeni. Aliyetozwa asilimia 30 akiwa kazini, akitozwa 10 baada ya kustaafu, hupata 180 badala ya 140. Na kwa kuwa wenye mishahara minono ndio wenye pa kushukia, wao ndio hufaidi zaidi, wakati asiyefikia kima cha kutozwa kodi hana cha kusamehewa.

Mchango wa mwajiri nao si hisani. Kwa sehemu kubwa ni mshahara uliocheleweshwa, tena mara nyingi wenye sharti kwamba anayeacha kazi mapema huupoteza (kifungu hicho mimi hukisoma kabla ya vingine vyote).

Je, mapato ambayo serikali huyaacha huongeza akiba? Mwaka 1999 Denmark ilipunguza unafuu huo kwa wenye kipato cha juu, katika aina moja ya akaunti za pensheni. Mwanauchumi Raj Chetty na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walikadiria kwamba kila dola 1 ya unafuu wa kodi iliongeza akiba ya jumla kwa senti 1 hivi, kwa sababu waliouitikia walihamisha tu fedha kutoka akaunti nyingine, na takriban asilimia 85 ya watu hawakushtuka kabisa. Hao hao, michango ilipokatwa moja kwa moja kwenye mshahara bila wao kuamua lolote, akiba yao iliongezeka. Kwa hiyo naona sera ya kumwandikisha kila mfanyakazi, asiyetaka ndiye aombe kujitoa, kama Uingereza ilivyoanza kufanya mwaka 2012, hufanya kazi ambayo msamaha wa kodi umeshindwa kuifanya.