Kanisa dogo la Malindi na ugomvi wangu na saruji

Mgeni akifika Malindi hupelekwa kwenye Nguzo ya Vasco da Gama. Mimi, ninayekarabati majengo ya kale, humtuma kwenye kanisa dogo la Wareno, lile lenye paa la makuti. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita mji huu mwaka 1542 akielekea Goa, na katika barua yake anataja baharia waliyemzika hapa. Anaeleza pia kuwa mzee mmoja wa mji alimuuliza kama Wakristo huhudhuria ibada, maana Malindi ilikuwa na misikiti 17 na watu waliswali katika mitatu tu. Paroko yeyote wa leo angemwelewa mzee yule!

Ukiacha matumizi yake, kanisa lile ni jengo la Pwani: mawe ya matumbawe, chokaa, makuti. Hata ile nguzo, msalaba wake ni wa jiwe lililotoka Lisbon, lakini kilichoushika ni matumbawe ya hapahapa.

Jambo lililowasumbua wajenzi wa Pwani ni upana. Boriti ya mkoko ikibeba dari la mawe haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba. Ibada ya misa inataka watu wakae pamoja wakiitazama altare. Paa la mgongo lenye makuti ni jepesi, hivyo linaruhusu upana zaidi. Siku hizi kenchi za chuma na mabati zimemaliza shida hiyo (na kuleta joto, lakini tuyaache).

Sasa saruji. Kamati za ujenzi huipenda kwa sababu inaonekana imara, na kwenye tofali jipya sina neno. Kwenye ukuta wa matumbawe ni hasara. Jiwe lile limejaa vitundu. Hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa huuacha unyevu utoke. Lipu ya saruji huufungia ndani, chumvi inaganda nyuma yake, na siku lipu inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Fundi akiitwa anaongeza saruji nyingine juu, tena nzito zaidi.

Tumia chokaa iliyolowekwa vizuri, uipige tabaka nyembamba nyembamba, na ukuta uloweshwe kwanza. Usiiache ikaukie juani. Ifunike kwa magunia mabichi. Ndiyo, inachukua muda, na mwashi anayeijua kazi hii hapatikani kila mtaa.

Kama saruji ilishapigwa, msiivamie kwa tindo ukuta mzima, kwani palipong'ang'ania patang'oka na jiwe. Gonga kwa nyundo ndogo, sikiliza, kisha anza kubandua pale panapotoa sauti ya utupu.