Je, wajua kwa nini mbaruti ukivunjwa hutoa utomvu wa njano?

Shangazi yangu analima mahindi Isimani, ule upande mkavu wa Iringa. Siku ya palizi aliniambia mbaruti ung'olewe kwa kushikwa chini kabisa, karibu na udongo, tena kwa kipande cha gunia. Mimi nikaushika katikati. Miiba ilinichoma, shina likavunjika, na vidole vikalowa majimaji ya njano kama bizari. Mpapai ukiukata hutoa utomvu mweupe, na mnyaa vilevile. Huu umepata wapi rangi?

Rangi hiyo ni ya kemikali chungu ziitwazo alkaloidi, hasa berberini, ambayo ni ya njano kiasi kwamba watu waliwahi kuitumia kutia rangi sufu. Ndani ya mmea kuna mirija myembamba iliyojaa utomvu. Ukivunja popote, unachuruzika papo hapo, kisha unakauka na kuziba jeraha. Mnyama akitafuna, uchungu unamfukuza.

Mbaruti ni wa ukoo mmoja na mmea wa afyuni, ila wenyewe hauna mofini, ile dawa kali ya maumivu itokayo kwenye afyuni. Asili yake ni Meksiko na nchi jirani za huko. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuita Argemone mexicana mwaka 1753.

Kwa nini ujilinde namna hii? Kwa sababu unaishi msimu mmoja tu. Mwembe ukiliwa matawi leo, mwakani utachipua. Mbaruti ukiliwa kabla ya kuzaa, umekwisha. Ndiyo maana una miiba kwenye shina, pembeni mwa majani, chini ya majani kwenye mishipa yake, hata juu ya tunda. Sehemu laini ni petali zake, kwa kawaida sita, za njano na nyororo kama karatasi ya shashi. Ua halina nekta, yale majimaji matamu ya maua. Nyuki hufuata chavua, na chavua ipo tele.

Tunda likikomaa hupasuka juu na kubaki wima kama kikombe. Upepo ukilitikisa, zinamwagika mbegu mamia, nyeusi, za mviringo, ndogo kama punje za baruti. Hazioti zote kwa pamoja. Nyingine hulala udongoni miaka kadhaa hadi jembe lizifunue, na hapo ndipo mkulima hushangaa magugu yametoka wapi.

Mbegu hizo zina mafuta, na mafuta hayo ni sumu. Mwaka 1998 jijini Delhi, India, yalikutwa yamechanganyika na mafuta ya haradali; mbegu za mimea hiyo miwili zinafanana. Watu walivimba miguu, wakaishiwa pumzi, na zaidi ya 60 wakafariki. Alkaloidi iitwayo sanguinarini huifanya mishipa midogo ya damu ivuje maji. Alizeti anayokamua shangazi ina mbegu kubwa, hazichanganyiki kirahisi. Ulezi ndio unaonitia wasiwasi, maana punje zake zinakaribiana na hizi kwa ukubwa. Ukiona punje nyeusi za mviringo kwenye ungo, zitoe zote kabla ya kusaga.

Na palizi ya mbaruti ifanyike ukiwa bado kwenye maua. Matunda yakishapasuka, kila unachong'oa unakipanda upya njiani. Shangazi aliyokuta yamekomaa aliyakata taratibu, akayatia kwenye gunia lilelile, akayachoma pembeni mwa shamba.