Riwaya za kisayansi hazikuandikwa kutabiri

Hapa Mtwara, ukimshauri kijana asome riwaya ya kisayansi ya zamani, mara nyingi atakujibu kuwa zimepitwa na wakati: sayari ya Mars imeshapigwa picha, haina watu. Hoja hiyo inachukulia kwamba kazi ya riwaya hizi ni kubashiri yajayo. Sivyo.

Chukua The War of the Worlds ya H.G. Wells, iliyotoka kama kitabu mwaka 1898. Wavamizi kutoka Mars wanatua kusini mwa Uingereza wakiwa na mashine za miguu mitatu, mwali wa joto na moshi mweusi wenye sumu. Mizinga ya Waingereza haifui dafu. Lakini sura ya kwanza tu, Wells anawataka wasomaji wake, kabla ya kuwalaani wavamizi, wakumbuke Watasmania, wenyeji wa kisiwa cha Tasmania huko Australia, walivyoangamizwa na walowezi wa Kizungu ndani ya miaka 50. Alichofanya ni kumweka mtawala mahali pa mtawaliwa.

Sisi wa kusini tunapaswa kukisoma kwa makini zaidi. Miaka 7 baadaye, 1905, Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi, vikafika Liwale na Masasi, na babu zetu wakakabili bunduki za rashasha za Wajerumani. Ukurasa ule wa watu kukimbia silaha wasiyoielewa unatuhusu kabisa.

Frankenstein ya Mary Shelley (1818) nayo inamhusu muumbaji anayekitelekeza kiumbe chake, si maajabu ya maabara. Ila anza na Wells. Ni kifupi, na kwa Kiingereza kinapatikana bure mtandaoni, kihalali.