"Madhara ya baadaye" ya mionzi maana yake nini kwa mtu aliyetolewa tezi dume kwa sababu ya saratani?

Baba mdogo wangu, mkazi wa Katuba hapa Lubumbashi, alianza kuona damu chooni mwaka wa 3 baada ya kumaliza mionzi Lusaka. Muuza dawa alimuuliza kama tumbo linauma, akampa vidonge vya amiba. Damu ikaendelea, akarudi, akapewa vingine. Lusaka haikutajwa na mtu, hata na yeye mwenyewe.

Madhara ya baadaye ni yale yanayojitokeza kuanzia miezi 3 hivi baada ya mionzi kwisha, na mara nyingi baada ya mwaka mmoja au zaidi. Kuharisha, mkojo kuchoma na uchovu wa wakati wa matibabu ni mambo mengine. Hayo hupoa ndani ya wiki chache. Mtu anaweza kuyavuka bila taabu, na haya ya baadaye yakamkuta akiwa ameshasahau.

Tezi dume ikishatolewa, kipimo cha PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) kinatakiwa kishuke karibu na sifuri. Kikipanda tena hadi 0.2 ng/ml na kupimwa upya kikathibitika, huenda kuna seli za saratani zilizobaki, ndipo mgonjwa anapigwa mionzi pale tezi ilipokuwa. Kwa kawaida ni grei (kizio cha dozi ya mionzi) 64 hadi 70, zinazogawanywa siku 5 kwa wiki kwa wiki 6 au 7. Tatizo ni majirani: kibofu kiko juu yake, puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, iko nyuma yake, na vyote viwili hupata sehemu ya dozi.

Mionzi huziba polepole mishipa midogo ya damu. Nyama isiyopata damu ya kutosha hukakamaa, kama mpira wa ndani wa baiskeli uliosahauliwa juani. Kwenye ukuta wa puru huota vimishipa vyepesi, vyekundu kama utando wa buibui, na choo kigumu kikipita vinapasuka. Ndiyo maana damu hutoka mbichi, mara nyingi bila maumivu. Kibofu nacho kikikakamaa hakitanuki vizuri: mtu anakwenda haja ndogo kila saa, usiku halali, pengine mkojo unatoka na damu. Njia ya mkojo inaweza kuwa nyembamba pale iliposhonwa. Kuvuja mkojo na uume kutosimama mara nyingi huanzia kwenye upasuaji, mionzi ikaongeza, na hili la pili wazee wetu hawalisemi hata kwa daktari. Kisukari na sigara huzidisha hatari. Saratani mpya ya kibofu au puru inaweza kutokea miaka mingi baadaye, lakini ni kwa wachache.

Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Nalisema kwa sababu katika mji huu, ambako jina la Shinkolobwe, mgodi wa urani, linajulikana, nimeona wajukuu wakizuiwa kukaa mapajani mwa babu yao.

Wengi hawapati madhara makali, na yanayotokea yana tiba: dawa ya sukralfeti inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, au kuchoma vile vimishipa kupitia kamera. Lakini anayeingiza kamera lazima ajue habari ya mionzi, maana akikata kipande cha nyama kwenye ukuta wa mbele wa puru kidonda kinaweza kukataa kupona, hata kikatoboka. Kwa hiyo ile karatasi yenye dozi na tarehe isikae chini ya godoro.

Ya baba mdogo ilikuwa chini ya godoro. Mwishowe daktari mmoja alimuuliza: "Papa, ulishapigwa mionzi?"

"Ndiyo, dokta. Lakini ile ilikuwa ya prostati. Hii ni ya tumbo."