Je, wajua kwa nini benki yenye ukwasi tele hukunyima mkopo?

Mwenye duka la viungo pale Marikiti, Mombasa, akinyimwa mkopo husema benki haina pesa. Kisha asikie redioni kwamba mabenki yana ukwasi mwingi, aone kadanganywa. Kosa ni moja: kudhani ukwasi ni noti zilizolala kabatini zikimngoja mkopaji.

Ukwasi ni mali yote ambayo benki yaweza kuigeuza taslimu upesi: noti, salio lake Benki Kuu, na hasa hatifungani za serikali, yaani hati za kuikopesha serikali, za miaka mingi na za siku 91, 182 na 364. Yaani sehemu kubwa ya pesa hizo imeshakopeshwa, na mkopaji ni serikali. Wala sheria siyo inayobana. Kenya hudai ukwasi wa asilimia 20 ya amana, na akiba ya lazima ya asilimia 3.25 iwekwe Benki Kuu. Katika amana za milioni 100, hata mafungu hayo yakitengwa mbalimbali, milioni 76.75 zakopesheka.

Jahazi la Bandari ya Kale hupakia farumi, mawe ya kulituliza lisipinduke. Nahodha hapakii zaidi ya haja, maana mawe hayalipi nauli. Farumi ya benki hulipa! Serikali hutoa riba, na deni lake kwa shilingi halidai mtaji, yaani fedha za wenye benki wenyewe za kukinga hasara, ilhali milioni 100 za mkopo wa kawaida hudai mtaji wa milioni 14.5. Basi shehena ya mwenye duka isipolipa nauli kuyashinda mawe, hubaki gatini. Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019 riba ya mikopo ilipowekewa kikomo, nauli hiyo haikuweza kupanda, na wafanyabiashara wadogo ndio walioachwa.

Ukwasi hubana kweli siku ya malipo. Benki ikikopesha milioni 2 huandika salio tu akauntini. Mkopaji akimlipa mwagizaji wa bidhaa mwenye akaunti benki nyingine, ndipo milioni 2 hutoka kwenye akaunti ya benki iliyokopesha huko Benki Kuu. Benki ndogo ikikaukiwa hapo huazima kwa wenzake, nao wakiiogopa wasiiazime, benki hiyo huacha kukopesha hata wakopaji wazuri.

Takwimu zisomwe kwa hadhari, kwani mikopo ikidorora ukwasi hupanda wenyewe. Machi 2020 Benki Kuu ilishusha akiba ya lazima kutoka asilimia 5.25 hadi 4.25, zikaachiliwa takriban shilingi bilioni 35.2. Lakini ilishusha na riba yake papo hapo, hivyo ni vigumu kujua kipi kilisukuma mikopo.